Protoni Inapogonga Kiini Kizito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila inapotajwa migongano ya protoni na viini vizito. Wanafunzi huyauliza, walimu wa fizikia huyauliza, na hata mtu aliyesoma gazetini habari ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko karibu na Geneva, akabaki na dukuduku. Msomaji mgeni aanze juu. Aliyekwisha kuzoea anaweza kuruka hadi swali la 7, ndipo mambo yanaponoga.

## Misingi

1. Maada ya kiini ni nini hasa?

Ni kile kilichojaza kiini cha atomu: protoni na nyutroni, ambazo kwa pamoja huitwa nyukleoni, zikiwa zimesongamana. Katika kila femtomita moja ya ujazo mna nyukleoni 0.17 hivi, na femtomita ni mita moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Idadi hiyo yaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa uzito: kijiko kimoja cha chai kilichojaa maada hiyo kingepita tani bilioni moja.

Msongamano huo karibu haubadiliki, uwe kwenye chuma au kwenye risasi. Ukiongeza nyukleoni, kiini hakijibani zaidi, kinatanuka tu, kama gunia linaloongezwa debe la mahindi. Nusu kipenyo chake hukua kwa kufuata kipeuo cha tatu cha idadi ya nyukleoni. Cha risasi, chenye nyukleoni 208, ni kama femtomita 7. Cha protoni peke yake ni 0.84. (Tangu hapa "risasi" ni madini, siyo ile ya bunduki, ingawa huko LHC, mtambo mkubwa wa CERN wa kugonganisha chembe, madini hayo hurushwa kwa kasi ambayo bunduki haiwezi kuiota.)

2. Kwa nini kuhangaika na kiini, wakati protoni mbili zikigongana chembe huzaliwa vilevile?

Kwa sababu protoni mbili zikigongana, chembe zinazozaliwa huondoka zikipita katika ombwe. Hakuna wa kuzizuia wala kuzipokea. Ndani ya kiini cha risasi, chembe inazaliwa katikati ya umati na inabidi ipenye ili itoke. Tukilinganisha zilizotoka na zile ambazo zingetoka katika ombwe, tunajua umati umezifanyia nini. Hakuna kipande kingine cha maada kilicho kidogo kiasi cha kupima mambo yanayotokea ndani ya sehemu za sekunde zenye sifuri ishirini na tatu baada ya nukta.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Wanaogonganisha viini viwili vizito hutafuta plazima ya kwaki na gluoni, hali ambayo nyukleoni zimeyeyuka na kuachia kwaki, chembe zinazoziunda, na gluoni, zinazozishikanisha kwaki hizo. Dalili zake nyingi ni za upungufu: chembe fulani zimetoka chache kuliko ilivyotarajiwa. Lakini kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo. Kiini cha kawaida, kisichoyeyuka, nacho hupunguza chembe. Bila kumpima kenge kwanza huwezi kuhesabu mamba, na protoni dhidi ya kiini ndicho kipimo chenyewe.

3. "Ilivyotarajiwa" ni kiasi gani? Mnalinganisha na nini?

Tunalinganisha na hesabu rahisi kupita zote: kiini cha risasi kichukuliwe kama nyukleoni 208 zisizojuana. Kama tukio fulani ni adimu na hutokea kwa nafasi fulani kila protoni inapogonga nyukleoni moja, basi kwa nyukleoni 208 shabaha iwe kubwa mara 208. Uwiano kati ya kilichopimwa na hesabu hiyo huandikwa R, na kwa protoni na risasi huandikwa RpPb. Ikiwa ni 1, kiini hakikufanya lolote. Chini ya 1, kimepunguza. Juu ya 1, kimeongeza.

Watu wengi hutatizika hapa, kwa kuwa protoni moja haiwezi kugonga nyukleoni zote 208. Ni kweli. Katika nishati ya LHC, shabaha ya protoni kwa protoni, yaani eneo ambalo ikilipita lazima igonge, ni milibani 70 hivi, na shabaha ya kiini kizima cha risasi ni kama bani 2.1 (bani ni kipimo cha eneo, sawa na femtomita za mraba 100, na milibani ni sehemu yake ya elfu). Zidisha 70 kwa 208, gawanya kwa 2,100: unapata takribani 7. Kwa wastani, basi, protoni ikipita ndani ya risasi inagonga nyukleoni saba zilizo njiani mwake. Hesabu za namna hii zina jina la mwanafizikia Roy Glauber.

4. Mbona inaitwa maada "baridi"?

Ni jina la kulinganisha tu. Plazima ya kwaki na gluoni huhitaji joto la kama kelvini trilioni 1.8. Mbele ya hilo, kiini ambacho hakijayeyuka ni baridi hata kama kimepasuliwa vipande. Jina hili lilibandikwa wakati watu wakiamini kwamba protoni peke yake haiwezi kupasha kiini joto la maana. Siku hizi imani hiyo imetikisika (tazama swali la 13).

## Kabla chembe haijazaliwa

5. Je, protoni iliyo ndani ya kiini ni sawa na protoni iliyo huru?

Hapana, na jibu hilo liliwashangaza waliolipata. Mwaka 1983, kundi la EMC huko CERN lilitangaza matokeo ya kurusha myuoni (ndugu wazito wa elektroni) kwenye chuma na kwenye hidrojeni nzito, yaani dyuteriamu. Nguvu inayoshikilia nyukleoni ndani ya kiini ni ndogo sana ikilinganishwa na nishati ya myuoni zile, hivyo ilidhaniwa tofauti itakuwa ya kupuuzwa. Haikuwa. Kwaki ndani ya nyukleoni za chuma zilikuwa zimegawana momentamu kwa namna nyingine. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo chake.

Ramani ya mabadiliko hayo hutegemea x, yaani sehemu ya momentamu ya nyukleoni iliyobebwa na kwaki au gluoni moja. Kwenye x ya kati ya 0.3 na 0.7 hivi kuna upungufu, ndio ule wa EMC. Kati ya 0.1 na 0.3 kuna ongezeko dogo. Chini ya 0.05 upungufu unarudi na kuzidi kadiri x inavyoshuka. Huo wa mwisho unaitwa kivuli.

6. Kivuli kinatoka wapi?

Gluoni yenye x ndogo sana ni ndefu. Kwa kanuni za kwanta, kitu chenye momentamu ndogo hakiwezi kubanwa mahali padogo, na gluoni hiyo hutandaa hadi kuzidi nyukleoni moja. Gluoni za nyukleoni zilizopangana mstari mmoja zinaanza kupishana, kugongana na hata kuungana mbili kuwa moja. Protoni inayokuja mbele haikuti gluoni za nyukleoni saba, inakuta pungufu ya hapo. Nyukleoni za mbele zimezitia za nyuma kivulini.

Hili linaonekana wazi kwenye mezoni za D, zenye kwaki ya chamu, aina nzito ya kwaki. (Mezoni ni chembe iliyoundwa na kwaki moja na kinyume cha kwaki.) Kigunduzi cha LHCb, kimojawapo cha LHC, hutazama upande mmoja karibu na mkondo wenyewe wa chembe, na kwa protoni na risasi kimefikia x ya karibu 0.00001. Upande ambao protoni inaelekea, mezoni hizo hupungua kwa takribani theluthi moja. Upande ambao risasi inaelekea upungufu huo hauonekani. Vipimo hivyo leo ni miongoni mwa vinavyobana zaidi majedwali ya gluoni za kiini, kama EPPS21 na nNNPDF3.0.

7. Athari ya Cronin ni ipi, na kwa nini inaongeza chembe badala ya kupunguza?

Mwaka 1975, James Cronin na wenzake huko Fermilab, Marekani, walirusha protoni za GeV 200, 300 na 400 kwenye berili, titani na wolframu. (GeV ni elektroni-volti bilioni moja.) Walipohesabu chembe zilizotoka na momentamu kubwa ya ubavuni, yaani zilizosukumwa mbali na mstari wa mkondo, walikuta ziada. Kutoka kwenye kiini kidogo hadi kikubwa, idadi iliongezeka kwa kasi kuliko idadi ya nyukleoni. Hesabu ya swali la 3 ilikuwa imezidiwa.

Maelezo ya kawaida ni ya msukumano. Kwaki ya protoni inayoingia inapigwa kikumbo mara moja au mbili na nyukleoni za njiani kabla ya mgongano mkubwa unaozaa chembe. Kila kikumbo kinaipeleka pembeni kidogo. Aliyewahi kupita Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu anaelewa: unaingia ukiwa umenyooka, unatokea mtaa wa pili. Jumla ya chembe haijapanda. Zile za momentamu ndogo zimesogezwa kwenye momentamu kubwa, ambako kwa kawaida chembe ni chache mno, hata nyongeza kidogo ikaonekana.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini hayatoshi. Ziada ni kubwa kwa protoni zilizozaliwa kuliko kwa pioni, mezoni nyepesi kuliko zote, na kikumbo kinachotokea kabla ya kuzaliwa hakiwezi kujua kwaki itaishia kuwa pioni au protoni. Ni lazima jambo jingine litokee baadaye, pengine wakati kwaki jirani zinapoungana kuunda chembe nzima. Binafsi naona ni kosa kumfundisha mwanafunzi sehemu ya kikumbo tu na kumwacha aamini hadithi imeisha.

## Baada ya chembe kuzaliwa

8. Kiini kinaweza "kuila" chembe iliyokwisha kuzaliwa?

Ndiyo, na mfano uliopimwa zaidi ni mezoni ya J/ψ. Hii ni kwaki ya chamu na kinyume chake zikizungukana, iliyogunduliwa mwaka 1974 na makundi mawili kwa wakati mmoja, la Samuel Ting huko Brookhaven na la Burton Richter huko SLAC, zote maabara za Marekani. Ikigonga nyukleoni njiani, jozi inavunjika na kila kwaki inakwenda zake. J/ψ imepotea.

Majaribio ya NA50 huko CERN, kwa protoni za GeV 400 na 450, yalikadiria shabaha ya kuvunjika kuwa kama milibani 4. Tufanye hesabu. Milibani 4 ni sawa na femtomita za mraba 0.4. Zidisha kwa msongamano wa 0.17, na utaona kwamba jozi husafiri wastani wa femtomita 15 hivi kabla ya kuvunjwa. Jozi iliyozaliwa popote ndani ya risasi ina kama femtomita 5 za kupita ili itoke. Takribani theluthi moja haitoki. Hapo hakuna plazima, hakuna joto, ni risasi ya kawaida.

Ndiyo maana hoja ya Tetsuo Matsui na Helmut Satz ya mwaka 1986, kwamba plazima itaifuta J/ψ, haikuweza kuthibitishwa kwa kuona upungufu tu. Ilibidi kwanza uondolewe ule upungufu wa kawaida, na matokeo ya risasi kwa risasi yakaonyesha upungufu uliobaki juu yake.

9. Chembe yenye kasi zaidi inapenya kirahisi au kwa taabu?

Inategemea imekwisha kukomaa au bado. Jozi ya kwaki haizaliwi ikiwa mezoni kamili. Huanza ikiwa ndogo sana, kisha hutanuka. Jozi ndogo haionekani vizuri na nyukleoni, kwa sababu rangi (yaani chaji ya nguvu kuu, ile inayoshikilia kwaki pamoja) za kwaki mbili zilizokaribiana hufutana. Ikiwa na kasi kubwa, muda wake hurefuka kwa kanuni ya Einstein, nayo hutoka nje ya kiini ikiwa bado changa.

Jaribio la E866 huko Fermilab lililionyesha hili vizuri kwa protoni za GeV 800 kwenye berili, chuma na wolframu. Lililinganisha J/ψ na ndugu yake mkubwa na mlegevu, ψ(2S). Kwa jozi za mwendo mdogo, ψ(2S) ilipotea zaidi, kwani ilikuwa imekwisha kutanuka ndani ya kiini. Kwa jozi za mwendo mkubwa, zote mbili zilipotea karibu sawa. Kiini hakikuweza kuzitofautisha, maana zilikuwa bado hazijatofautiana.

10. Basi kwenye LHC, ambako kila kitu kina kasi, J/ψ isingepungua?

Ingekuwa hivyo kama kuvunjwa njiani ndiyo sababu pekee. Lakini upande ambao protoni inaelekea, ALICE, kigunduzi kingine cha LHC, na LHCb zilikuta RpPb ya J/ψ ikiwa kama 0.7. Wapo wanaosema ni kivuli cha gluoni (swali la 6). Wapo wanaosema jozi hupoteza nishati kwa kumwaga gluoni inapopita. Njia zote mbili zinafikia vipimo, jambo linalokera kidogo.

Lililoondoa starehe kabisa ni ψ(2S). Nayo pale LHC hupungua kuliko J/ψ, ingawa kwa mantiki ya swali la 9 zote zilitoka kwenye kiini zikiwa changa. Kivuli hakiwezi kuleta tofauti hiyo, kwa kuwa kinafanya kazi kabla hazijazaliwa. Kilichobaki ni kwamba ψ(2S) huvunjwa baada ya kutoka, na chembe nyingine zilizozaliwa pamoja nayo na kusafiri sambamba.

11. Zipo chembe ambazo kiini hakizigusi?

Zipo. Fotoni, chembe za W na Z, na jozi za myuoni hazibebi rangi ya nguvu kuu. Zikizaliwa ndani ya kiini hutoka kana kwamba pako wazi. Kinachobaki kwao ni mabadiliko ya kabla ya kuzaliwa (maswali ya 5 na 6), na R yao hukaa karibu na 1. Ni mashahidi wasio na upande: tukitilia shaka hesabu ya nyukleoni, tunawauliza wao kwanza.

12. Je, uzito wa chembe hubadilika ndani ya kiini?

Swali hili limegawanya watu. Huko KEK, Japani, jaribio la E325 lilirusha protoni za GeV 12 kwenye kaboni na shaba, likatazama mezoni zinazooza kuwa elektroni na positroni. Kwa mezoni za φ zilizotembea polepole ndani ya shaba, walikuta dalili ya uzito kushuka kwa asilimia 3.4 kwenye msongamano wa kawaida wa kiini. Kwa ρ na ω walipata asilimia 9. Lakini jaribio la CLAS huko Jefferson Lab, lililotumia fotoni badala ya protoni, liliona ρ ikitanuka tu bila kushuka uzito kwa kiasi cha maana. Jaribio la E16 huko J-PARC limejengwa ili kurudia kipimo cha φ kwa takwimu nyingi zaidi.

## Mambo ya pembezoni

13. Nimesikia kwamba hata protoni na risasi huonyesha "mtiririko". Siyo tabia ya plazima hiyo?

Ndiyo tabia yenyewe, na hapa ndipo kipimo cha kulinganishia kilipogeuka kuwa kitendawili.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2003 mtambo wa RHIC huko Brookhaven uligonganisha dyuteriamu na dhahabu. Katika dhahabu kwa dhahabu, chembe za momentamu kubwa zilikuwa zimepungua sana, na ilibidi ijulikane kama ni kivuli au ni plazima. Kwenye dyuteriamu na dhahabu upungufu huo haukuonekana. Palikuwa na ziada ndogo ya Cronin. Kesi ikaamuliwa upande wa plazima, na wengi wakaondoka wakiamini kwamba mgongano mdogo ni safi.

Kisha ikaja Septemba 2012, usiku wa majaribio wa saa chache tu, LHC ilipogonganisha protoni na risasi kwa mara ya kwanza. Data za usiku ule zilitosha kuonyesha kwamba katika migongano yenye chembe nyingi, chembe zilizo mbali kwa pembe ya mbele hufuatana upande mmoja, kama kwenye kimiminika kinachotiririka. CMS, kundi la kigunduzi kingine cha LHC, walikwisha kuona dalili hiyo hata kwa protoni na protoni mwaka 2010. Baadaye RHIC ilijaribu dhahabu kwa protoni, dyuteriamu na heliamu-3, maumbo matatu tofauti ya kuanzia, na mtiririko ukafuata umbo la mwanzo.

Hata hivyo jeti, yaani vishada vya chembe za nishati kubwa, hazionekani kupoteza nishati katika protoni na risasi. Tuna mtiririko bila kuzimwa kwa jeti. Anayesema amelielewa jambo hili kikamilifu, mwombe akuchoree.

14. Mnajuaje kama protoni imepita katikati ya kiini au imekwaruza ukingoni?

Kwa kubahatisha kwa akili. Hutazamwa wingi wa chembe zilizotoka, au nyutroni zilizonyofoka kwenye risasi, ambazo ALICE huzikamata kwa vigunduzi vilivyo zaidi ya mita 100 kutoka mahali pa mgongano. Njia ya wingi ina mtego. Protoni ambayo kwaki yake moja imebeba karibu momentamu yote hubaki na kidogo cha kugawa, hivyo hutoa jeti kubwa na chembe chache pembeni. Ukipanga kwa wingi, utaiweka kwenye fungu la "ukingoni" hata kama imepita katikati. ATLAS huko LHC na PHENIX huko RHIC walipata matokeo ya jeti yaliyoonekana ya ajabu kwa namna hii hasa. Ukiona grafu ya R iliyogawanywa kwa mafungu ya katikati na ukingoni, uliza kwanza mafungu yamepangwa kwa nini.

15. Kwa nini grafu za LHC za protoni na risasi zimesogea upande mmoja kwa 0.465?

Sumaku za LHC zina uga mmoja kwa mikondo yote miwili. Protoni ya TeV 4 (TeV ni GeV elfu moja) inapozunguka upande huu, risasi upande ule hupata momentamu kulingana na chaji yake: 4 mara 82 gawanya 208, yaani TeV 1.58 kwa kila nyukleoni. Mkondo mmoja una nguvu kuliko mwingine, na mgongano wote husukumwa upande wa protoni. Ile 0.465, inayopimwa kwa rapiditi, kipimo cha mwendo wa chembe kwenye mstari wa mkondo, ni nusu ya logi asilia ya 208 kwa 82. RHIC ilitumia dyuteriamu mwaka 2003 kwa sababu ya jamaa hiyohiyo: uwiano wake wa chaji kwa uzito unakaribia ule wa dhahabu, na sumaku zikapata nafuu.

16. Haya yana kazi yoyote nje ya mitambo hii?

Yanayo. Miale ya anga za juu nyingi ni protoni, na zikifika kwetu hazigongi protoni huru, hugonga nitrojeni na oksijeni za hewa. Nishati ya mwale hukadiriwa kutokana na mvua ya chembe inayofika ardhini, na kadirio likikosea namna kiini cha oksijeni kinavyozaa pioni, nishati nayo hukosewa. Julai 2025 LHC iligonganisha protoni na oksijeni kwa mara ya kwanza, na hilo lilikuwa mojawapo ya malengo.

Angani pia kuna protoni kinyume, zinazohesabiwa na kigunduzi cha AMS-02 kilicho kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ili kujua kama zimetoka kwenye maada ya giza, lazima ijulikane ngapi huzaliwa protoni zinapogonga heliamu iliyotawanyika kati ya nyota. LHCb walipulizia heliamu kidogo ndani ya bomba la mkondo wa protoni za TeV 6.5, wakazihesabu, na kutoa matokeo mwaka 2018.

Na neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji: mkondo wa T2K huko Japani huanza na protoni za GeV 30 zikigonga fimbo ya grafiti. Pioni zinazotoka ndizo huoza kuwa neutrino, na pioni ngapi hutoka, kwa pembe gani, imepimwa kando na NA61/SHINE huko CERN kwa nakala ya fimbo hiyohiyo.